Khufu Hakujenga

Iko sentensi moja ambayo imetembea kutoka kitabu hadi kitabu kama mgeni asiyeulizwa atokako. Sentensi yenyewe ni hii: "Mfalme Khufu alijenga piramidi kubwa ya Misri." Hukutwa katika vitabu vya historia, hukutwa katika mazoezi ya ufahamu, na la kusikitisha zaidi ni kwamba hukutwa hata katika vitabu vya sarufi, ambamo hutolewa kuwa kielelezo safi cha sentensi sahili: mtenda mbele, kitenzi katikati, mtendwa nyuma. Wanafunzi huikariri, hujibu swali la mtihani kwayo, na hupewa alama. Sisi twasema ya kwamba sentensi hiyo si kweli kwa upande wa historia, na tena si sahihi kwa upande wa lugha yenyewe ambayo imeandikwa kwayo.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Mtu aliyepeleka kitambaa kwa fundi cherehani hasemi, "Nimeshona kanzu." Akisema hivyo mtaani, na huku watu wamjua hawezi hata kutunga uzi katika sindano, atachekwa. Husema, "Nimeshonesha kanzu." Mwenye fedha aliyewaita waashi kumjengea nyumba, kama ni mtu mwangalifu wa maneno, atasema amejengesha. Kiswahili kimetupa kauli ya kutendesha kwa ajili ya jambo hili hasa: kumtenga aliyetoa amri au fedha na yule aliyetoa jasho. Ni silabi moja tu inayoongezwa katika kitenzi, nayo yabeba haki nzima ya mtu. Basi iweje tulinde haki ya fundi cherehani wa mtaani, kisha tuwanyang'anye haki yao maelfu ya watu waliokokota mawe ya piramidi? Khufu hakujenga. Khufu alijengesha.

Tunajua watakaosema kwamba hii ni mikogo ya walimu wa sarufi, na kwamba kila lugha duniani husema mfalme fulani alijenga jumba fulani, na wasikilizaji wote huelewa. Tungekubali, lau wasikilizaji wote wangekuwa watu wazima waliokwisha kuona jengo likijengwa. Lakini msikilizaji wetu ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Akili yake, ambayo ni nyofu kuliko vitabu vyetu, huuliza mara moja: mtu mmoja aliwezaje? Kitabu hakimjibu. Watenda kazi wameondolewa katika sentensi, na nafasi yao imebaki wazi, na nafasi iliyo wazi haikosi mtu wa kuikalia. Hukaliwa na majitu. Hukaliwa na majini. Na tangu Erich von Däniken, mwandishi wa Uswisi, alipotoa kitabu chake mwaka 1968 na kukiuza kwa wingi wa ajabu katika lugha nyingi, hukaliwa na wageni waliodaiwa kushuka kutoka nyota za mbali na vyombo vyao. Leo mtoto hana haja hata ya kitabu hicho. Simu ya mkononi ya kaka yake humwonyesha picha za kila namna zenye kumhakikishia kwamba Waafrika wa kale hawakuweza, kwa hiyo lazima alikuja mwingine. Hilo ndilo tunaloligombania katika kurasa hizi. Silabi ni mlango wake tu.

Na tuitazame basi kazi yenyewe, maana hoja dhidi ya majini haipatikani katika matusi, inapatikana katika kamba, maji, mchanga na mikate.

Piramidi ya Khufu iliyoko Giza ilikamilika yapata mwaka 2560 K.K. Ilipokuwa mpya kimo chake kilikuwa mita 146 na zaidi kidogo. Mawe yake hukadiriwa kuwa yapata milioni 2.3, na uzito wa jiwe la wastani ni kama tani mbili na nusu. Mengi yalichongwa pale pale karibu. Mawe meupe ya chokaa ya kufunikia nje yalivushwa kutoka machimbo ya Tura, ng'ambo ya mto Nile. Na mawe magumu ya matale, yale yaliyotandazwa juu ya chumba cha mfalme, yalitoka Aswan, safari ya kilomita zipatazo 800 kwa maji. Mwanafunzi anayejua hesabu ya kugawanya aweza kufanya zoezi hili: kazi ikichukua miaka ishirini, ni mawe kama 315 kila siku, na watu wakifanya kazi saa kumi kwa siku, ni jiwe moja kila dakika mbili. Anayeiona hesabu hii hukimbilia kusema, "Haiwezekani!" Sisi twamwomba asikimbilie. Dakika mbili hizo si za kikosi kimoja. Ni dakika mbili za vikosi vingi vilivyokuwa vikivuta kwa wakati mmoja, kila kimoja na jiwe lake, na jiwe la tani mbili na nusu si mlima. Hamali wa bandari zetu za pwani wamepakua mizigo ya namna hiyo kwa kugawanya na kwa kushirikiana, wala hakuna aliyewasingizia ujini.

Mwaka 2013 wachimbuzi wa mambo ya kale waliokuwa wakiongozwa na Pierre Tallet, Mfaransa, walifukua vipande vya mafunjo mahali paitwapo Wadi al-Jarf, ukingoni mwa Bahari ya Shamu. Ndiyo maandishi ya mafunjo yenye umri mkubwa kuliko yote yaliyopata kuonekana hadi sasa. Walimu wenzetu, mwadhani yalikuwa na nini? Sala? Siri za nyota? Yalikuwa daftari la kazi. Liliandikwa chini ya mkaguzi mmoja aitwaye Merer, aliyekuwa na kikosi cha watu wapatao arobaini na mashua zao, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Khufu. Siku hii kikosi kimepakia mawe Tura. Siku hii kimesafiri. Siku hii kimelala njiani. Siku hii kimefika na kupakua. Katika kila siku kumi kilikwenda na kurudi mara mbili au tatu, na mabwawa na mifereji iliyochimbwa kandokando ya mto iliwafikisha karibu na mahali pa ujenzi. Pamoja na daftari hilo zilikuwamo hesabu za chakula kilichotolewa kwa watu hao. Yeyote aliyepata kuwa mnyapara, karani wa ghala au mwalimu wa zamu ataitambua mara moja sauti ya Merer: ni sauti ya mtu anayetaka karatasi zake ziwe safi atakapoulizwa.

Katika daftari hilo ametajwa pia Ankhhaf, ndugu wa Khufu kwa upande mmoja, aliyekuwa mkubwa wa mahali mizigo ilipopokelewa. Hapa Kiswahili chetu chatupa zawadi nyingine, wala hatuoni kwa nini tuiache. Kutokana na kitenzi kimoja, kusimama, tumepata kusimamia na tumepata kusimamisha. Ankhhaf alisimamia. Kikosi cha Merer kilibeba, na wenzao wakasimamisha. Khufu alijengesha. Vitenzi vinne, watu wa daraja tatu, na mambo yote yamekaa mahali pake bila ya jini hata mmoja.

Kwenye nchi kavu je? Kaburi la Djehutihotep, liwa mkuu aliyeishi yapata miaka 700 baada ya Khufu, lilikuwa na picha ukutani huko Deir el-Bersha ambayo tungependa ibandikwe katika kila darasa. Yaonyesha sanamu kubwa mno, inayokadiriwa kuwa na uzito wa tani 58, ikiwa imefungwa kwa kamba juu ya gari la kuburuta, yaani miti iliyounganishwa bila ya magurudumu. Mbele yake wamo watu 172 katika safu nne, wakivuta. Kila mmoja, basi, amebeba fungu la kilo kama 340 za mzigo ule. Miguuni pa sanamu amesimama mtu akimwaga maji mchangani mbele ya gari. Kwa muda mrefu baadhi ya wataalamu walidhani maji hayo yalikuwa tambiko. Mwaka 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walifanya jaribio la kuburuta uzito juu ya mchanga mkavu na juu ya mchanga uliotiwa maji kwa kiasi. Mchanga mkavu hurundikana mbele ya gari na kulizuia. Mchanga wenye maji ya kadiri hushikamana ukawa mgumu, na nguvu ya kuvuta hupungua kwa karibu nusu. Maji yakizidi, faida hupotea. Kwa hiyo yule mtu mwenye mtungi, ambaye wasomi walimfanya kuhani, alikuwa fundi. Na alijua kipimo.

Na juu ya magoti ya sanamu ile amechorwa mtu mwingine, anayepiga makofi. Huyu hakuhitaji jaribio la chuo kikuu ili aeleweke. Watu 172 wakivuta kila mmoja kwa wakati wake, jiwe halisogei; wakivuta kwa pigo moja, lasogea. Wavuvi wa pwani wanaovuta chombo kukipandisha pwani juu ya magogo wanamjua mtu huyu, kwa kuwa kila kikundi kinaye wake. Neno harambee, kabla halijawa neno la siasa nchini Kenya mwaka 1963, lilikuwa mwito wa watu waliovuta kitu kizito pamoja. Tunapofundisha nyimbo za kazi katika somo la fasihi simulizi, na kuziita "burudani ya kupunguza uchovu," tunazipunja. Wimbo wa kazi ni chombo cha kazi, kama kamba na wenzo.

Kuhusu namna mawe yalivyopandishwa hadi juu, wataalamu wangali wakibishana. Wako wasemao njia ya kupandia ilikuwa moja iliyonyooka, wako wasemao iliizunguka piramidi. Lakini mwaka 2018 wachimbuzi wa Kifaransa na Kiingereza walitangaza kwamba katika machimbo ya Hatnub wameikuta njia ya namna hiyo, ya nyakati za Khufu: njia ya mteremko mkali, ina ngazi pande zote mbili, na kando ya ngazi mna matundu ya nguzo. Kamba zilizungushwa nguzoni, watu wakavuta kutoka juu na wengine kutoka chini, na mzigo ukapanda. Kubishana juu ya umbo la njia si kubishana juu ya miguu iliyoipita.

Na watu hao waliishi. Tangu mwaka 1988 mji wao ulioko kusini ya piramidi umekuwa ukifukuliwa na Mark Lehner na wenzake: zimeonekana jiko za mikate, maghala, vyumba virefu vya kulala, na mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi kwa wingi usiotarajiwa. Makaburi yao yaligunduliwa mwaka 1990. Mifupa yao yasimulia migongo iliyochakaa, mikono iliyovunjika ikafungwa na kuungana sawasawa. Mtumwa wa kutupwa hafungwi mkono kwa uangalifu namna hiyo, wala hazikwi kando ya piramidi ya mfalme wake. Vikosi vyao vilijiandika majina kwa rangi juu ya mawe, na kimoja, cha siku za Menkaure, kilijiita kwa jina la kujisifia ulevi. Hatusemi walikuwa wakienda harusini. Wengi waliitwa kwa zamu kutoka vijiji vyao, na hatudhani waliulizwa kama wapenda. Wazee wetu wa Uganda walioitwa luwalo, wakalima barabara za serikali bila ya ujira, wangeielewa vema hali hiyo. Lakini barabara zile wao ndio waliozilima, na hakuna aliyethubutu kusema zililimwa na nyota.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wetu. Mwaka 1586 Papa Sixtus wa Tano aliagiza mnara wa jiwe moja, ambao Warumi wa kale walikuwa wameuchukua kutoka Misri, uhamishwe na kusimamishwa mbele ya kanisa la Mtakatifu Petro. Mnara wenyewe wakaribia mita 25 na uzito wake wapita tani 300. Domenico Fontana aliifanya kazi hiyo kwa watu wapatao 900, farasi 75, na maduara 40, yaani mashine za kuzungusha kwa nguvu za watu na farasi ili kukaza kamba. Mvuke haukuwapo, chuma kilikuwa haba, na mambo mengi aliyoyatumia Fontana ni ndugu wa yale ya Misri. Mwaka 1590 alitoa kitabu chenye picha za kila kamba. Nani amepata kusikia kwamba mnara wa Roma ulisimamishwa na wageni wa angani? Hakuna. Jiwe lile lile likiwa Misri, lililochimbwa, likachongwa na kusafirishwa na Waafrika, lahitaji msaada wa mbinguni. Likishavuka bahari, watosha mhandisi mmoja na farasi.

Haki itendwe: hata Ulaya ilikuwa na hekaya zake. Katika karne ya 12 Geoffrey wa Monmouth aliandika kwamba mawe ya Stonehenge yaliletwa kutoka Ireland kwa maarifa ya mchawi Merlin. Lakini huko Uingereza leo hekaya imewekwa katika rafu ya hekaya, na watoto wa shule hupewa kamba na magogo wajaribu wenyewe.

Kwetu hekaya ilipewa bunduki. Kuta za Zimbabwe Kuu, zilizojengwa kati ya karne ya 11 na ya 15, hazina saruji wala udongo wa kushikanisha. Ukuta mkubwa una mzunguko wa mita kama 250 na mahali pengine wafikia kimo cha mita 11. Jiwe lao la matale humeguka kwa tabaka, nao waashi wa Kishona waliliharakisha kwa moto na maji. Karl Mauch alipofika mwaka 1871 alisema ni kazi ya Malkia wa Sheba. David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905 akasema ni ya Waafrika. Gertrude Caton-Thompson akachimba mwaka 1929 akasema vivyo hivyo, kwa ushahidi mwingi zaidi. Haikutosha. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilitaka vitabu vya waongoza wageni visitamke jambo hilo waziwazi, na Peter Garlake, mkaguzi wa mambo ya kale aliyekataa kuuficha ukweli, aliondoka nchini mwaka 1970. Mwenye kudhani kwamba mtenda wa sentensi ni jambo la sarufi tu na aitafakari habari hiyo. Serikali nzima iliogopa kumtaja mtenda.

Wala tusiwanyoshee kidole wengine tu. Karibu na mto Katonga, hapa Uganda, yako mahandaki ya Bigo bya Mugenyi. Urefu wake wote wapita kilomita kumi, na sehemu nyingine yamekatwa katika mwamba. Peter Shinnie alichimba hapo mwaka 1957 na Merrick Posnansky mwaka 1960, na umri wake umeonekana kuwa kati ya karne ya 13 na ya 16. Ukimwuliza mwanafunzi nani alichimba Bigo, atakujibu upesi: Wachwezi, ambao walikuja, wakafanya maajabu, wakatoweka. Twaziheshimu simulizi za Wachwezi; ni hazina ya fasihi yetu, na pengine nyuma yake wamo watawala waliopata kuishi kweli. Lakini handaki la kilomita kumi halikuchimbwa kwa kutoweka. Lilichimbwa kwa jembe la mkono na kikapu cha kichwani, na watu ambao jioni walitaka kula, na yamkini baadhi yetu ni vitukuu vyao.

Kwa hiyo twawaomba watungaji wa vitabu, na zaidi wahariri wao, wasipitishe tena sentensi ile. Wakitaka kielelezo cha mtenda na kitenzi, wako watenda tele na vitenzi tele: kuchonga, kutekua, kukokota, kufingirisha, kumwaga, kukaza, kupakua, kuoka. Wakitumia kauli ya kutendwa, "piramidi ilijengwa," wasikate sentensi hapo kama waliochoka. Waiongezee "na" yake, kisha waandike ni nani. Jina la Merer lina herufi tano tu na halizidi ukubwa wa mstari.

Huko Aswan, katika machimbo ya matale, limelala mpaka leo jiwe la mnara ambalo lingekuwa kubwa kuliko minara yote ya Misri: urefu wake kama mita 42, uzito wake zaidi ya tani 1,000. Watu walilizunguka wakilipigapiga kwa mawe magumu ya kushikwa mikononi, wakiuponda mwamba kidogo kidogo, ingawa upande wa chini lingali limeshikamana na mwamba. Ndipo likapasuka, na kazi ikaachwa. Halina maandishi, halina jina la mfalme. Katika mitaro iliyo kandokando yake yaonekana mabonde madogo madogo yaliyoachwa na mapigo yale, safu kwa safu, kila nafasi yatosha mtu mmoja aliyechuchumaa.